Taa Moja Katikati ya Dari

Mafundi umeme huhesabu nyumba kwa pointi. Kila taa ni pointi, kila soketi ni pointi, kila feni ni pointi, na mwishoni idadi yote huzidishwa kwa bei ya fundi. Mwenye nyumba aliyefika hatua hiyo ameshachoshwa na bei ya saruji, nondo na mabati, kwa hiyo huanza kufuta. "Fundi, chumba hiki weka taa moja tu, itatosha." Fundi hana sababu ya kubisha. Anatia alama katikati ya dari, anachimba mfereji mmoja ukutani kwa ajili ya swichi ya karibu na mlango, na habari ya mwanga wa chumba hicho imekwisha kwa miaka 30 ijayo.

Ni uamuzi wa dakika mbili, na hakuna balbu ya kisasa inayoweza kuurekebisha. Watu wanaotaka ushauri wa taa karibu wote huuliza balbu gani inabana umeme. Swali si baya, ila balbu ni sehemu ndogo ya jibu. Sehemu kubwa ni pale balbu ilipofungwa, kitu inachokimulika, na saa inazowaka.

Tuanze na hesabu ya pesa, maana ndiyo inayotutia woga bure.

Balbu ya zamani, ile ya glasi yenye uzi wa tungsten ndani, ilikuwa jiko dogo linalotoa mwanga kwa bahati: zaidi ya asilimia 90 ya umeme ulioingia ulitoka kama joto. Balbu hiyo ya wati 60 ilitoa takriban lumeni 700. Wati ni umeme ambao taa inakula. Lumeni ni mwanga wote ambao taa inatoa. Balbu ya LED ya leo hutoa lumeni hizo hizo kwa wati 8 au chini ya hapo. Chukua LED ya wati 9, iwashe saa 5 kila usiku kwa siku 30, na itakuwa imekula yuniti 1.35. Ukikadiria shilingi 350 za Tanzania kwa yuniti, haifiki hata shilingi 500 kwa mwezi mzima. Sasa linganisha na birika la umeme la wati 2,000 linalochemsha maji ya chai kwa jumla ya dakika 15 kwa siku. Kwa mwezi huo huo limekula yuniti 15, sawa na balbu 11 za namna ile.

Kwa hiyo baba anayepita chumba hadi chumba akizima taa na kufoka, huku friji kuukuu lenye mpira wa mlango uliochanika likinguruma jikoni usiku na mchana, anamfukuza mwizi ambaye siye. Zamani alikuwa na haki ya kufoka. Siku hizi umeme wake wa Luku unaliwa kwingine, na anachokipata kwa ukali wake ni mke anayemenya vitunguu gizani na mtoto anayesoma akiwa ameinamia daftari hadi pua inaligusa.

Tulipofika hapa hatukufika kwa urahisi. Nick Holonyak alitengeneza LED nyekundu, ya kwanza ya mwanga unaoonekana kwa macho, huko Marekani mwaka 1962. Nyekundu peke yake ilifaa kuonyesha kwamba redio imewaka, basi. Ili kupata mwanga mweupe ilihitajika LED ya bluu, na hiyo iliwashinda wahandisi kwa karibu miaka 30, mpaka Wajapani watatu, Isamu Akasaki, Hiroshi Amano na Shuji Nakamura, walipoipata mwanzoni mwa miaka ya 1990. Mwaka 2014 walipewa Tuzo ya Nobel ya fizikia kwa kazi hiyo. Balbu unayoinunua Kariakoo au River Road ina punje hizo za bluu ndani yake, zimefunikwa kwa unga wa njano unaong'aa ukipigwa na mwanga. Bluu na njano zikichanganyika, jicho linaona nyeupe. Likumbuke hilo, maana tutalirudia tukifika kwenye rangi.

Lumeni zinazotua juu ya kitu hupimwa kwa laksi: lumeni moja ikienea juu ya mita moja ya mraba ni laksi moja. Sebule ya mita 4 kwa 5 ina mita za mraba 20. Kwa kukaa, kula na kuzungumza, laksi 100 ni kiasi kizuri. Kusoma, kushona au kukata nyama kunataka 300 hadi 500, lakini pale tu penye kitabu, cherehani au kisu. Koridoni 50 zinatosha. Sasa zidisha: mita 20 kwa laksi 100 ni lumeni 2,000, na kwa kuwa karibu nusu ya mwanga humezwa na kifuniko cha taa, mapazia, makochi na kuta kabla haujafika unapotakiwa, itabidi uweke taa za lumeni 4,000. Balbu moja ya wati 9, yenye lumeni 800, itakupa laksi 20. Hizo zinakutosha kupita sebuleni bila kujigonga kwenye stuli.

Lumeni 4,000 kwa LED ni wati 45 hivi. Kwa balbu za zamani zingekuwa wati 340 hivi, na kwa saa 5 kila usiku zingekula yuniti 51 kwa mwezi mahali ambapo LED inakula chini ya 7. Ndiyo maana nyumba tulizokulia zilikuwa na giza la nusu nusu: mwanga wa kutosha ulikuwa anasa. Anasa ile imeshuka bei, lakini mazoea ya kupanga taa yamebaki yale yale ya wakati wa shida.

Hata hivyo simshauri mtu abandike wati 45 zote kwenye dari. Chumba kinachomulikwa sawasawa kila pembe kinafanana na ukumbi wa benki. Panga kwa kazi. Jiulize katika kila chumba nani anafanya nini, amekaa wapi, ameelekea wapi, kisha upeleke mwanga hapo.

Jikoni ndiko kosa la taa ya katikati linakoonekana waziwazi. Mabaraza ya jiko la kisasa yamepangwa kando ya kuta. Mpishi anasimama akiuelekea ukuta, kwa hiyo anaipa taa mgongo, na kivuli cha kichwa na mabega yake kinatua juu ya ubao wa kukatia, juu ya sinki na ndani ya sufuria. Ukiongeza ukubwa wa balbu, kivuli kinabaki pale pale. Dawa yake ni taa fupi ya mstari iliyofichwa chini ya makabati ya juu, au kama huna makabati, taa ya ukutani juu ya baraza, kidogo mbele ya uso wa mpishi. Na hapa sheria ya umbali inakufanyia kazi: umbali kati ya taa na kitu ukipungua mara 3, mwanga unaotua unaongezeka mara 9. Taa ya wati 3 iliyo sentimita 60 juu ya ubao inaupa mwanga mara 3 zaidi ya ile inayofanana nayo ya wati 9 iliyo mita 1.8 juu yake. Umetumia theluthi moja ya umeme, umepata mwanga mara tatu, na kivuli kimeondoka. Hakuna balbu ya miujiza iliyohusika, isipokuwa pointi moja ambayo mwenye nyumba alitaka kuifuta.

Mtazame mtu mzima akichagua mchele usiku. Anasogeza ungo karibu na mlango, anauinamisha kuelekea kwenye balbu, anakunja uso. Tunadhani ni uzee wa macho tu, na kwa kweli ni uzee: mboni hupungua upana na lenzi ya jicho huwa ya njano, kiasi kwamba mtu wa miaka 60 hupata ndani ya jicho takriban theluthi moja ya mwanga anaoupata kijana wa miaka 20 katika chumba kile kile. Lakini mwanga unaweza kuongezwa. Kama bibi anaishi nanyi, sehemu yake ya kukaa inastahili taa yake mwenyewe, ya kusimama au ya ukutani, inayomulika mapajani kutoka ubavuni na isiyompiga usoni. Atachagua mchele, atasoma msahafu au Biblia yake, na mawe ndani ya wali yatapungua.

Chumbani kwa kulala wengi wetu tuna swichi mlangoni na kitanda upande wa pili. Mtu anazima, kisha anapapasa gizani hadi kwenye neti. Mwambie fundi aweke swichi mbili zinazotawala taa moja, ile mafundi wanayoiita tuwei, uwashe mlangoni na uzime ukiwa umelala. Ni waya wa ziada tu. Ongeza taa ndogo ya wati 3 au 4 kila upande wa kitanda, na mmoja ataweza kusoma bila kumwamsha mwenzake.

Sasa dari za jipsam. Najua nitawaudhi watu. Katika miaka ya karibuni sebule nyingi za mijini zimepata dari ya ngazi mbili, ukanda wa taa za bluu na zambarau uliofichwa pembezoni, na spoti 16 au 20 zilizotobolewa kwa mstari. Mchana zinapendeza kwenye picha. Usiku zikiwashwa, zote zinamulika chini, na chini kuna vigae vinavyong'aa ambavyo hakuna anayevisoma. Aliyejilaza kwenye kochi anapigwa machoni na spoti nne. Kuta zimebaki na giza. Na jicho la binadamu halipimi mwanga wa chumba kwa sakafu; linapima kwa kuta na dari, kwa kuwa hizo ndizo zilizo mbele yake. Chumba chenye kuta zilizomulikwa kinaonekana kipana na chenye mwanga hata kikiwa na nusu ya wati za kile chenye spoti nyingi. Kama dari ya jipsam unaitaka, iwe, lakini tumia ule ukanda uliofichwa kama taa halisi: chagua ukanda mzito wa lumeni nyingi, wa rangi nyeupe ya joto, umulike dari nzima kutoka pembeni, halafu spoti ziwe 4 zinazoelekezwa kwenye ukuta wenye picha au kabati la vitabu. Zile za zambarau waachie wenye kumbi za harusi.

Rangi ya ukuta nayo ni sehemu ya taa. Nyeupe hurudisha karibu asilimia 80 ya mwanga unaoipiga, krimu kama 70, bluu au kijani kilichokolea kama 30 au pungufu, na mbao za rangi ya kahawia nzito hata 15 hazifiki. Anayepaka sebule rangi ya chokoleti kisha akalalamika kwamba LED hazina nguvu anailaumu taa kwa kosa la ndoo ya rangi.

Jambo hilo walilijua wajenzi wa Lamu kabla ya umeme kufika. Upana wa chumba katika nyumba za mawe uliamuliwa na urefu wa boriti za mikoko, kwa hiyo vyumba ni vyembamba na virefu, kimoja nyuma ya kingine, na madirisha ya kuelekea mtaani ni machache kwa sababu ya stara. Mwanga unaingilia kiwandani, ule uwazi wa katikati ya nyumba. Unapiga plasta nyeupe ya chokaa, unasukumwa kwenye misana, zile kumbi ndefu zinazoelekea uwazi huo, kisha ukiwa umepungua unafika vyumba vya ndani, ambako kuta nyeupe zenye zidaka zinaupokea mara ya mwisho. Mtu aliyekaa humo ana mwanga mtulivu usiochoma macho, na joto la jua limeachwa nje.

Ninalitaja hilo kwa sababu taa ghali kuliko zote ni ile inayowashwa saa 6 mchana. Jua la mchana nje linafika laksi 100,000, na hata siku ya mawingu tele unapata maelfu. Wakati huo huo ndani ya nyumba kuna korido yenye balbu inayowaka asubuhi mpaka jioni, kwa kuwa haina dirisha, na bafu ambalo dirisha lake lilizibwa na ukuta wa jirani. Dirisha lenyewe, kama lipo, lina grili, wavu wa mbu uliojaa vumbi, shela na pazia zito. Kuosha nyavu za madirisha mara mbili kwa mwaka ni mpango wa taa usiogharimu kitu.

Kwa anayejenga, elekeza madirisha makubwa kaskazini na kusini. Dar es Salaam iko nyuzi 7 hivi kusini ya ikweta, na jua la saa 6 mchana liko juu sana mwaka mzima: mwezi Juni linaegemea kaskazini, Desemba linaegemea kusini, ila halishuki chini ya nyuzi 59. Ukingo wa paa uliotoka nje vizuri unalizuia jua lenyewe na kuuacha mwanga wa anga uingie. Dirisha la magharibi halina ulinzi huo. Jua la saa 10 jioni linaingia moja kwa moja hadi kitandani, watu wanafunga pazia, wanawasha taa na feni, na sasa dirisha limegeuka hasara.

Kwa vyumba vya ndani vilivyoezekwa kwa mabati bila dari, kipande cha bati la plastiki linalopitisha mwanga kinamaliza tatizo, mradi kiwe kidogo, kwa maana joto nalo linapita. Kuna hata njia ya chupa. Mwaka 2002, umeme ulipokuwa ukikatika mara kwa mara nchini Brazili, makanika wa mji wa Uberaba aitwaye Alfredo Moser alitoboa paa, akapachika chupa ya plastiki ya lita 2 iliyojaa maji yenye dawa kidogo ya kung'arisha nguo ili yasiote ukijani, akaziba pembeni kwa gundi isiyopitisha mvua. Sehemu ya chupa nje, sehemu ndani. Maji yanaupinda mwanga wa jua na kuutawanya chumbani, na mchana chupa moja inatoa mwanga wa balbu ya zamani ya wati 40 hadi 60. Baadaye Illac Diaz aliisambaza Ufilipino kwa mradi wa Liter of Light, na kutoka hapo ikaenda nchi nyingi. Usiku haifanyi kazi, bila shaka, lakini stoo, banda la kuku na jiko la uani vina kazi nyingi zaidi mchana.

Turudi kwenye rangi ya mwanga. Boksi la balbu lina namba yenye herufi K: 2700K au 3000K ni nyeupe ya joto, inayoelekea njano, 4000K ni nyeupe ya kati, 6500K ni nyeupe kali yenye ubluu. Madukani kwetu 6500K imetawala, na ninaelewa kwa nini. Njano inatukumbusha koroboi, chemli, na ile balbu ya wati 40 iliyofifia kila umeme ulipopungua. Nyeupe kali ikaonekana ndiyo maendeleo. Lakini mwaka 1941 Arie Kruithof, mtafiti wa Philips nchini Uholanzi, alionyesha kwamba mwanga mweupe wa kibluu huwapendeza watu ukiwa mwingi sana, kama wa mchana. Ukiwa mchache, chumba kinaonekana baridi na cha huzuni. Watafiti waliofuata wamebishana naye kuhusu mipaka ya namba zake, ila atakayefunga 6500K ya laksi 20 sebuleni ataona mwenyewe alichokuwa anakisema. Kwangu mgawanyo ni huu: sebule na vyumba vya kulala 2700K au 3000K, jiko na meza ya mtoto ya kusomea 4000K, na 6500K kwa gereji kama unayo.

Kuna pia sababu ya usingizi. Ndani ya jicho mna chembe ambazo kazi yake kubwa si kuona, ni kuujulisha mwili kama ni mchana au usiku, na chembe hizo huamshwa hasa na mwanga wa bluu. Jua letu la pwani huzama kati ya saa 12 na robo na saa 1 kasoro dakika 10 jioni, mwaka mzima. Anayekaa chini ya nyeupe kali mpaka saa 5 usiku anauambia mwili wake kwamba bado ni mchana.

Namba ya pili kwenye boksi ni CRI, au Ra, inayopima jinsi taa inavyoonyesha rangi za vitu kwa uhalisi wake. 100 ni ya juu kabisa. Hapa ndipo ile bluu iliyofunikwa unga wa njano inapotuumbua. LED ya bei ya chini ina bluu nyingi na njano nyingi, lakini nyekundu ni haba. Nyanya inaonekana imepauka. Nyama ya leo inaonekana ya juzi. Na ngozi zetu, ambazo uzuri wa weusi na wa maji ya kunde umebeba wekundu ndani yake, zinageuka kijivu kama za mtu aliyetoka wodini. Jipimie kwa kanga: chukua yenye nyekundu iliyoiva, itazame dirishani mchana, halafu itazame chini ya balbu yako usiku. Ikifanana na tofali lililochakaa, balbu hiyo haifai chumba chenye kioo wala meza ya chakula. Tafuta CRI 80 kwa uchache, na 90 kwa sebule, jiko na kioo cha kujipambia. Boksi lisilotaja CRI kabisa lina sababu yake ya kunyamaza.

Nimeichelewesha taa ya nje kwa makusudi, maana ndiyo inayokula kuliko zote. Taa za sebuleni zinawaka saa 5. Taa ya ulinzi inawaka 12. Taa moja ya wati 50 inayowashwa magharibi na kuzimwa asubuhi inakula yuniti 18 kwa mwezi, zaidi ya taa zote za ndani ya nyumba ya kawaida yenye LED. Kwa mteja mdogo wa Tanzania aliye kundi la D1, ambaye kwa viwango vilivyopangwa mwaka 2016 hulipa shilingi 100 kwa kila yuniti mpaka yuniti 75 kwa mwezi na shilingi 350 kwa zinazozidi, taa hiyo moja inameza karibu robo ya nafuu yake. Mbili zinameza karibu nusu.

Na ulinzi wenyewe ni wa mashaka. Taa kali iliyofungwa juu ya ukuta ikielekea getini inampofusha mlinzi na kuacha vivuli vizito nyuma ya matangi na migomba. Bora taa ndogo 3 za wati 5, zilizofunikwa juu na kumulika chini, getini, mlangoni na uani, na ile ya wati 50 iunganishwe na sensa ya mwendo. Ikiwaka jumla ya nusu saa kwa usiku, mwezi mzima haimalizi yuniti moja. Tena taa inayowaka ghafla inamshtua anayeruka ukuta na kumwamsha aliyelala. Iliyowaka tangu jioni haimshtui mtu. Weka 2700K huko nje: wadudu huvutwa zaidi na bluu, na wakati wa mvua kumbikumbi watakuwa wachache mlangoni.

Dukani, usinunue wati, nunua lumeni. Balbu mbili zilizoandikwa wati 9 zinaweza kutofautiana kwa mamia ya lumeni. Zile za kujikunja zenye gesi, tulizoziita enajiseva, zina zebaki ndani; ni nchi za Afrika zilizopeleka pendekezo la kuziondoa chini ya Mkataba wa Minamata, na mwaka 2022 ikakubaliwa utengenezaji na biashara yake kati ya nchi na nchi vikome ifikapo 2025. Ukizikuta zinauzwa kwa bei ya kutupa, ziache hapo.

Mwombe muuzaji aichomeke balbu, kisha fungua kamera ya simu na uisogeze karibu nayo. Ukiona mistari myeusi ikipita kwenye kioo, taa hiyo inapepesa. Umeme wetu huifanya taa isiyo na saketi nzuri ipepese mara 100 kwa sekunde. Jicho halioni, lakini wapo ambao kichwa kinawauma jioni nzima bila kujua sababu. Irudishe.

Kuna lalamiko jingine la kila siku: balbu ya LED inaendelea kumulika kwa mbali hata ikizimwa. Wengine wanasema ni balbu mbovu, wengine wanaona mambo ya ajabu. Wakati mwingine ni kwa sababu swichi yenyewe ina kitaa kidogo, au nyaya ndefu zimelazwa pamoja kwenye bomba moja. Lakini mara nyingine ni kwa sababu fundi alipitisha nyutro kwenye swichi badala ya waya wa moto. Swichi imezimwa, ila moto bado uko kwenye holda, ukimsubiri atakayepanda kwenye stuli kubadilisha balbu. Hilo si la kuvumilia. Mwite fundi mwingine, akague swichi zote za nyumba.

Zinazobaki ni habari za joto. Punje za LED zenyewe hufa polepole sana. Kinachokufa ni saketi ndogo iliyo shingoni, na muuaji wake ni joto au umeme unaorudi kwa kishindo baada ya kukatika. Balbu iliyofungiwa ndani ya bakuli la glasi lisilo na upenyo, kwenye dari iliyo chini ya mabati ya jua, haitafika saa 15,000 zilizoandikwa kwenye boksi, ambazo kwa saa 5 kila usiku zingekuwa miaka 8. Achana na mabakuli hayo. Na kila balbu unayoifunga, iandikie tarehe shingoni kwa kalamu ya wino mzito, utunze boksi na risiti yake. Duka linalotoa dhamana ya miaka 2 litakudai vyote viwili.